Karatasi ya Mrututu Niliyoiandika Mara Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye ofisi ya kilimo ya Morogoro kabla mlango haujafunguliwa. Nilikuwa nimeteremka kutoka Mgeta siku iliyotangulia, nikalala kwa mjomba wangu mjini, na asubuhi nikavaa kaptula ya kaki ambayo ilikuwa imepigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Karani mkuu alipokuja alinikuta nimesimama wima kando ya mlango. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza jina, kijiji na darasa nililoishia. Nikamjibu kwamba naitwa Gaspari, natoka Mgeta, na nimesoma shule ya mapadri mpaka darasa la sita. Akaandika yote hayo kwa mwandiko mzuri ambao sikuwahi kuuona kwa mtu mwingine, kisha akasema, "Kaa pale. Utaitwa."

Nilikaa pale mpaka saa sita mchana.

Vita vikuu vilikuwa vimekwisha muda si mrefu, na idara ilikuwa inatafuta vijana wa kusaidia mabwana shamba. Vijana wa leo wakisikia bwana shamba wanafikiri ni mtu wa jembe tu. Ni kweli tulishika jembe. Tulijifunza kupima kontua, yaani mstari unaozunguka mlima bila kupanda wala kushuka, ili mkulima alime kwa kuufuata na mvua isimchukulie udongo. Tulijifunza kutengeneza vitalu vya miche, kuchagua mbegu, kutambua wadudu na magonjwa. Lakini nusu ya kazi ilikuwa kuandika. Kila msaidizi aliandika taarifa ya mwezi, taarifa ya mvua, taarifa ya magonjwa, na tena maelekezo ya kuwasomea wakulima kwenye baraza. Hakuna aliyeniambia hilo nilipoomba kazi.

Aliyetufundisha kuandika alikuwa Mwalimu wa Mafunzo, na jina lake lilikuwa Hamisi. Alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye kanzu nyeupe Ijumaa na suruali ya kijivu siku nyingine zote. Alikuwa amefundisha shule miaka mingi kabla ya kuchukuliwa na idara. Hakuwa mkali wa maneno. Ukali wake wote ulikuwa kwenye kalamu ya risasi. Ukimpelekea karatasi, aliipokea kwa mikono miwili kama mgeni anayepokea chai, akakushukuru, na kesho yake ikakurudia imejaa alama pembeni kushoto na kulia.

Mwaka wangu wa pili kazini, ukungu uliingia kwenye viazi. Sisemi ule ukungu wa asubuhi unaofunika milima ya Uluguru, bali ugonjwa wa viazi mviringo unaoitwa kwa jina hilohilo. Majani hutokewa na madoa meusi, na kukiwa na mvua na baridi, shamba lililokuwa kijani Jumapili linaweza kulala chini Jumapili inayofuata. Watu wetu wa Mgeta walikuwa wanategemea viazi kwa chakula na kwa kuuza mjini. Habari za ugonjwa zilipofika ofisini, Bwana Shamba wa Wilaya, Mzungu mmoja mrefu aliyesema Kiswahili cha mkato mkato, aliniita.

"Wewe ni mtu wa Mgeta," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Andika karatasi. Namna ya kuchanganya mrututu na chokaa, namna ya kunyunyiza. Kwa Kiswahili. Mwalimu Hamisi ataikagua. Mimi nitatia sahihi. Halafu itapigwa chapa na kwenda kwa watu."

Mrututu ni yale mawe madogo ya buluu yaliyouzwa kwenye maduka ya Wahindi mjini, makali, watu waliyatumia kutibu vidonda vya mifugo. Ukiyayeyusha majini na kuyachanganya na chokaa, unapata maji ya rangi ya anga ambayo yakinyunyizwa kwenye majani huzuia ukungu usishike. Lakini mchanganyiko wenyewe una masharti. Chokaa ikipungua, dawa inaunguza majani. Na mrututu hula chuma, kwa hiyo haufai kuyeyushwa ndani ya debe. Nayasimulia haya kama mambo ya wakati ule, wala asiyachukue mtu akaenda kuyafanya leo bila kumwona mtaalamu.

Nilifurahi mno. Nilijifungia kwenye chumba cha mbegu siku mbili nikaandika. Mwanzo wake naukumbuka mpaka leo, kwa sababu niliupenda: "Ni jambo la muhimu sana kwa kila mkulima mpenda maendeleo kufahamu ya kwamba ukungu ni adui asiye na huruma." Nikaendelea hivyo ukurasa mzima kabla ya kuutaja mrututu. Nilipoutaja, niliandika kwamba mrututu wa kutosha uchanganywe na chokaa ndani ya chombo kinachofaa, kisha dawa inyunyizwe shambani kwa uangalifu.

Karatasi ilirudi na alama kumi na tisa. Nilizihesabu. Nyingi zilikuwa za herufi kubwa, nukta, na maneno niliyoyaunganisha yasiyotakiwa kuunganishwa. Lakini tano zilikuwa za namna nyingine. Kando ya ule mwanzo wangu mzuri aliandika: "Mkulima amesimama, mrututu uko mkononi. Anasubiri. Mwambie afanye nini." Kando ya "uchanganywe" aliandika: "Nani achanganye? Kipi kianze?" Kando ya "chombo kinachofaa": "Kipi?" Kando ya "uangalifu": "Uangalifu unafanywaje?" Na kando ya "wa kutosha" alichora duara na kuandika maneno mawili: "Kwa nani?"

Nilichukia. Nasema kweli, masikio yalipata moto. Niliona mtu wa pwani ambaye hajawahi kupanda kiazi ananifundisha mimi niliyezaliwa kwenye shamba la viazi. Basi nikafanya ambavyo nimeona vijana wengi wakifanya baada yangu. Nikasahihisha alama zile kumi na nne nyepesi, moja baada ya nyingine, kwa bidii kubwa, mpaka nikajiona mtu mtiifu. Zile tano nzito nikazipitia juu juu. "Uchanganywe" niliufanya "uchanganywe vizuri." "Wa kutosha" niliuacha ulivyo, kwa kuwa niliona kila mtu mwenye akili anajua kutosha ni nini. Nikanakili upya kwa mwandiko safi, na kwa kuwa ilikuwa safi nikadhani imekuwa nzuri.

Kwa kawaida nakala ya pili ilipaswa kurudi kwa Mwalimu. Lakini alikuwa amekwenda Pangani kwa msiba wa ndugu yake, na habari za Mgeta zilizidi kuwa mbaya. Dada yangu Yustina alikuwa ameniletea salamu kwa dereva wa lori la kabichi kwamba mashamba ya ng'ambo ya mto yameanza kuoza. Nikafikiri, kwa nini nisubiri? Nikanunua mrututu na chokaa, nikavifunga pamoja na karatasi yangu ya pili, nikampa dereva ampelekee dada. Sikumwuliza mtu yeyote ofisini.

Dada Yustina alinipita miaka kumi. Hakusoma. Shamba lake lilikuwa la ukoo wetu wa upande wa mama, kwenye mteremko mkali ambao mgeni huogopa kuusimamia, na alilipenda kuliko nyumba yake. Karatasi alisomewa na katekista baada ya misa. Akafanya alivyosikia.

Baada ya siku nane dereva aliniletea salamu nyingine. Safari hii zilikuwa fupi: "Dada yako anasema njoo uone."

Niliomba ruhusa ya siku mbili nikapanda. Nilimkuta shambani, amesimama na mikono kiunoni. Nusu ya shamba, upande wa juu, ilikuwa imekauka. Majani yalikuwa yamejikunja na kingo zake zimeungua, rangi ya kahawia kama tumbaku. Ukungu hauui hivyo. Nilijua mara moja kwamba ile ni dawa, na kwamba chokaa ilikuwa kidogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Akaninyooshea mkono upande wa juu. "Nilifanya kama karatasi ilivyosema."

"Uliweka mrututu kiasi gani?"

"Ilisema wa kutosha. Mrututu ndio dawa, nikauweka wote. Chokaa ni ya kupaka kuta, nikaweka konzi moja tu, nisije nikaharibu. Karatasi yako haikusema vingine."

"Na chombo?"

"Debe. Limetoboka, ukitaka kuliona liko pale."

Alikuwa amenyunyiza nusu tu, kwa sababu alitaka kwanza kuona inavyofanya kazi. Busara yake ndiyo iliyookoa nusu ya chini, wala haikuwa karatasi yangu. Akaniambia nikae nile. Akanipikia ugali na maharage, tukala. Mwisho akasema, "Gaspari, mimi nimekuamini kwa sababu wewe ni mdogo wangu. Wengine wataiamini karatasi kwa sababu ni ya serikali. Wakiungua watamlilia nani?"

Nilishuka Morogoro kesho yake. Mwalimu Hamisi alikuwa amerudi kutoka msibani. Nilimpa pole ya msiba, kisha nikamweleza yote bila kupunguza. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akaniambia, "Ilete ile karatasi ya kwanza. Ile yenye alama zangu."

Nikaileta. Akaifungua mezani.

"Nionyeshe alama iliyounguza shamba la dada yako."

Nikaweka kidole kwenye "Kwa nani?"

"Niliandika swali," akasema. "Ulidhani ni la kukudhihaki?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Halikuwa dhihaka. Mimi sijui mrututu kiasi gani unatosha. Nilikuwa nauliza kwa sababu sijui. Na mimi nilipokuwa sijui, nilijua kuna mkulima mahali fulani naye hajui. Alama ya msomaji haisemi wewe ni mjinga. Inasema hapa ndipo nilipopotea." Akaikunja karatasi. "Sasa nenda kwa Bwana Shamba ukamwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine."

Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba nafukuzwa. Bwana Shamba alinisikiliza akiwa amesimama.

"Karatasi ilikuwa na sahihi yangu?"

"Hapana, bwana."

"Mwalimu aliipitisha?"

"Hapana, bwana. Nilikuwa na haraka."

Akatazama milima dirishani. "Ukungu una haraka zaidi kuliko wewe," akasema. "Panda Mgeta. Kaa huko. Nusu iliyobaki ya shamba la dada yako ni yako kuiokoa. Usishuke mpaka karatasi iwe sawa. Mwalimu atasoma, karatasi zitakwenda na kurudi kwa lori."

Hivyo ndivyo nilivyopelekwa kwenye kituo changu cha kwanza. Kwenye kumbukumbu za ofisi kiliandikwa kama uhamisho wa muda. Mimi najua kilikuwa adhabu, na ilikuwa adhabu nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa.

Nilikaa kwa dada. Siku ya kwanza nilifanya jambo ambalo nililifanya maisha yangu yote baadaye. Nilichukua karatasi mpya, nikaandika zile alama tano nzito peke yake, bila maneno yangu yoyote, nikaziweka mbele yangu kama maswali ya mtu aliye na shida. Nilipoziona zikiwa peke yake sikuzichukia tena. Nikaanza na ile iliyoniuma zaidi.

Kiasi gani? Maelekezo ya idara yalisema ratili kadhaa kwa galoni kadhaa. Kule juu hakuna aliyekuwa na mizani. Nikamwuliza dada ni kipimo gani kila nyumba inacho. Akafikiri, akaingia ndani, akatoka na kopo tupu la maziwa, yale mazito ya sukari yaliyouzwa madukani. "Hili lipo hata kwa maskini," akasema. "Wanachotea chumvi." Nikashuka mpaka misheni, nikamwomba fundi wa pale anikopeshe mizani yake, nikapima mara nyingi. Ikawa nusu kopo la mrututu uliosagwa, kopo zima la chokaa mpya, na maji debe moja. Sentensi ile moja ilinichukua siku nzima, nayo haikuwa na neno hata moja la fahari.

Kisha nikaandika nakala ya tatu. Adui asiye na huruma alitoka, na maendeleo yakatoka. Ilianza hivi: "Saga mrututu mpaka uwe kama chumvi." Nikampa dereva wa lori, na baada ya siku mbili ikarudi na alama za Mwalimu. Safari hii zilikuwa sita tu. Tano nilizikubali palepale. Ya sita ilihusu chombo. Mimi niliandika, "Yeyusha mrututu ndani ya chungu cha udongo." Yeye alikata chungu, akaandika juu yake: "Pipa la mbao. Chungu huvunjika."

Nilikaa na alama hiyo muda mrefu. Baada ya yaliyotokea niliogopa kuikataa hata moja. Lakini nilitoka nje nikatazama njia ya kupandia kwetu, ile inayopita ukingoni ambapo watu hupishana kwa kugeuka ubavu, nikajiuliza ni nani atabeba pipa kupita pale, na pipa lenyewe atalipata wapi. Nikaandika chini ya alama yake, kwa herufi ndogo: "Mwalimu, nimekubali zote isipokuwa hii. Huku hakuna mapipa na njia haipitishi pipa. Kila nyumba ina chungu, na mafundi wa vyungu wako hapahapa. Nimeongeza: chungu hiki kisipikiwe tena chakula." Nikaipeleka kwa dereva kabla sijabadili mawazo.

Jibu lilikuja na lori lilelile. Mwalimu alikuwa amefuta pipa kwa mstari mmoja na kurudisha chungu. Kando yake aliandika: "Umenifundisha. Kila ukikataa, kataa hivi, kwa sababu." Nilisoma maneno hayo nikiwa nimekaa juu ya gunia la kabichi, na sioni haya kusema kwamba nililengwalengwa na machozi.

Pamoja na jibu hilo kulikuwa na agizo. "Msomee dada yako. Sentensi moja moja. Usieleze chochote. Akisimama, usimsaidie. Andika mahali aliposimama."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kuandika. Tulikaa uani asubuhi moja yenye jua, vyungu viwili mbele yake, kopo la maziwa, maji, kisu. Nikasoma, akafanya. Alisaga, akapima, akayeyusha mrututu kwenye chungu cha kwanza na chokaa kwenye cha pili. Nikasoma: "Changanya vyungu vyote viwili." Akasimama.

Nikanyamaza.

"Nimwage hiki ndani ya kile, au kile ndani ya hiki?" akauliza.

Nikanyamaza. Ulimi uliniwasha.

"Gaspari, nakuuliza."

"Siruhusiwi kujibu, dada."

"Amesema nani?"

"Mwalimu."

Akacheka mpaka akaketi chini. "Mwalimu wako ana akili," akasema. "Andika basi kwamba Yustina amekwama."

Nikaandika. Akamwaga alivyoona mwenyewe, tukaendelea, na mwisho kabisa wa karatasi, baada ya maelezo ya kunyunyiza, nilikuwa nimeweka jaribio la kisu. Jaribio lenyewe ni hili: unasugua kisu kwa mchanga mpaka king'ae, unakichovya kwenye dawa, ukihesabu mpaka mia moja. Kikitoka na wekundu wa shaba, chokaa haitoshi, ongeza. Kikitoka cheupe, dawa iko tayari. Nilipomsomea hayo, dada alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Kwa karatasi yako nimeshamaliza kunyunyiza," akasema. "Sasa ndiyo unaniambia nipime?"

Alikuwa na haki. Jambo kubwa kuliko yote nilikuwa nimelitupa mwisho, kwa sababu mwisho ndipo nilipolikumbuka. Nikalipandisha likakaa kabla ya kunyunyiza, peke yake, na nafasi juu na chini. Nilikuwa nadhani kusahihisha ni kubadili maneno. Siku ile nilijifunza kwamba mara nyingine maneno ni mazuri kabisa, ila yamekaa mahali pasipo pao.

Nakala ya nne, ambayo sasa ilisema chungu kipi kimwagwe ndani ya kipi, niliipeleka mwenyewe mjini. Mwalimu Hamisi aliisoma akiwa amesimama mlangoni, mara ya kwanza kwa kimya, mara ya pili kwa sauti. Aliposoma kwa sauti alikwama mahali pamoja, akakata neno "kisha" ambalo lilikuwa limejirudia. Halafu akaandika chini kabisa: "Iende." Bwana Shamba akatia sahihi. Karani mkuu akaipiga kwenye mashine ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, na harufu ya wino ikajaa ofisi nzima.

Tuliisoma kwenye baraza, kanisani baada ya misa, na sokoni. Sitasema kwamba tuliokoa kila shamba, maana hatukuokoa. Waliochelewa walipoteza, na mvua ya mwaka ule haikumngoja mtu. Lakini nusu ya chini ya shamba la dada ilisimama kijani mpaka mavuno, na mashamba mengi ya mteremko ule pia. Siku ya kuchimba alinipa kikapu nikambebee Mwalimu. Mwalimu alimtumia kitenge, na salamu kwamba dada ndiye mkaguzi mkuu.

Miaka ya hamsini nilihamishwa mara kadhaa. Nilikaa Ngerengere, kwenye joto na vumbi la reli, nikishughulika na mtama na mihogo badala ya viazi. Nilirudi milimani wakati wa kazi ya kuhifadhi udongo, kazi ambayo haikupendwa na watu, na nilijifunza kuandika taarifa zinazosema wazi kwamba haipendwi na kwa nini. Si kila mkubwa alipenda kuzisoma. Bwana Shamba mmoja aliyekuja baadaye alinirudishia taarifa yangu akiwa ameandika, "Punguza malalamiko ya watu." Nilitafakari siku moja, kisha nikamjibu pembeni: "Nimepunguza maneno yangu. Malalamiko ni yao, nimeyaacha kama walivyoyasema." Hakunipandisha cheo mwaka ule. Lakini aliipeleka taarifa mbele ilivyo.

Baadaye nami nilipewa wanafunzi wa kuwafundisha. Niliwaona wakifanya yaleyale. Wengine walikubali kila alama kama amri na karatasi ikafa mikononi mwao. Wengine walikasirika wakasahihisha nukta tu. Sikuwagombeza. Niliwaambia wasome alama zote mara moja, waiweke karatasi chini, waende sokoni au wakapalilie kitalu, na wasishike kalamu mpaka hasira itulie. Nikawaambia wanijibu kila alama, ndiyo au hapana, na hapana iwe na sababu. Walioshika hilo waliandika vizuri kuliko mimi, na nasema hivyo kwa furaha.

Mwalimu Hamisi alistaafu kabla yangu. Muda mfupi kabla ya kuondoka alinitumia Ngerengere kurasa mbili alizoandika kuhusu namna ya kuwafunza vijana wa idara, na barua: "Niandikie pembeni." Nilishtuka. Nilizisoma mara tatu, nikaandika "Vizuri sana, Mwalimu" mahali panne, nikazirudisha. Baada ya wiki moja akashuka mwenyewe kwenye garimoshi na kurasa zake mkononi. Tukakaa kwenye benchi la stesheni.

"Hukunisaidia," akasema kwa upole.

"Mwalimu, mimi nitakusahihisha wewe vipi?"

"Ulipotea wapi?"

Nikamwonyesha mahali kwenye ukurasa wa pili. "Hapa. Unasema mkufunzi avumilie, lakini husemi afanye nini akichoka."

Akasoma pale mahali kwa muda mrefu. Garimoshi la kurudi Morogoro likaja, likasimama, likaondoka, naye hakupanda. Alikuwa anaandika.

Nimestaafu miaka mingi sasa. Naishi Kihonda na mke wangu, tuna bustani ndogo ya mchicha na migomba, na afya inatosha kwa umri wangu. Nikitazama nyuma naona nilikuwa na kazi njema. Sikujenga daraja wala sikuongoza wilaya. Niliandika karatasi nyingi, zote ziliharibika kwanza, na nyingi zilitengenezeka kwa sababu kulikuwa na mtu aliyenionyesha mahali alipopotea nami nikakubali kurudi naye mpaka hapo.

Karatasi ile ya viazi haikuwa na jina la mtu yeyote. Chini yake palikuwa na jina la idara tu, kama ilivyokuwa desturi. Ujanani jambo hilo liliniuma, kwa kuwa nilitaka watu wa kwetu wajue ni mimi. Siku hizi nikijaribu kukumbuka ni sentensi zipi zilikuwa zangu, zipi za Mwalimu, na zipi zilitoka kinywani mwa dada Yustina akiwa amesimama uani na chungu mkononi, siwezi kuzitenganisha, wala sioni tena sababu ya kuzitenganisha.